Maswali ya Wasomaji: Metali ya Mtu Mmoja

Toleo lililopita tuliandika juu ya Devil Is Fine, albamu ya kwanza ya Zeal & Ardor, jina analotumia mwanamuziki Manuel Gagneux wa Basel, Uswisi. Ni albamu inayokutanisha blak metali, ile metali ya kasi na mayowe, na nyimbo za kazi na za ibada za Wamarekani Weusi wa enzi za utumwa. Barua zimemiminika, na nyingi zimetoka kwa watu wenye gitaa mkononi na kompyuta mezani. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nimeisikiliza albamu hiyo mara kadhaa. Kuna kwaya, kuna mayowe, kuna vinanda vya kielektroniki. Mbona haisambaratiki? Na ni kweli hakuna mtu mwingine ndani? (Msomaji, Morogoro)

Kazi ni ya Gagneux mwenyewe: aliandika, akaimba, akapiga, na dramu alizipanga kwa kompyuta. Aliiweka Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, mwaka 2016, kisha lebo ya MVKA ikaitoa rasmi Februari 2017. Ina nyimbo 9 na haifiki nusu saa. Alikuwa na mazoea ya kuwaomba watu mtandaoni wamtajie mitindo miwili ya muziki, naye aiunganishe haraka. Mmoja akataja blak metali, mwingine akataja muziki wa Weusi kwa tusi la kibaguzi. Gagneux, ambaye mama yake ni Mmarekani Mweusi, hakulikimbia tusi lile. Alilijibu kwa swali zito: ingekuwaje kama watumwa wa Marekani wangeiasi dini waliyoshurutishwa, kama vijana wa blak metali wa Norwei walivyoiasi ya kwao? Ndiyo maana jalada lina picha ya Robert Smalls, mtumwa aliyeitwaa meli ya jeshi la Kusini, lile lililotetea utumwa, katika bandari ya Charleston mwaka 1862 akatoroka nayo pamoja na familia yake.

Sasa, kwa nini haisambaratiki. Sikiliza nani anashika nini. Sauti ya mwanadamu inashika melodi na mwendo: kiongozi anatoa mstari, waitikiaji wanajibu, polepole, kwa skeli (ngazi ya noti) ya noti chache. Gitaa na dramu zinapoingia haziubadilishi mwendo huo. Zinaujaza tu kwa mapigo yaliyo mara mbili au mara nne ya kasi ya mwimbaji. Kwa hiyo mguu wa msikilizaji unaendelea kufuata wimbo wa kazi ilhali masikio yamejaa blak metali. Wengi wanaoiga huweka dakika moja ya kwaya, halafu dakika moja ya metali, halafu kwaya tena. Hizo ni nyimbo mbili zinazopokezana zamu. Amua kwanza mtindo upi utabeba mwendo, upi utabeba skeli, upi utabeba rangi ya sauti, kabla hujawasha kompyuta.

Hata Gagneux mwenyewe hakufaulu kila mahali. Vile vipande vitatu vifupi vya ala, kwa maoni yetu, ndivyo dhaifu kuliko vyote, kwa sababu vimewekwa kando ya mchanganyiko, havimo ndani yake.

Hakuna mfano wa kwetu? Kila mara mnatupeleka Ulaya. (Msomaji, Nakuru)

Upo, na ni mzuri. Martin Khanja wa Kenya, anayejulikana kama Lord Spikeheart, alikuwa nusu ya Duma, kundi la watu wawili la Nairobi ambalo albamu yake ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mwaka 2024 akatoa albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, The Adept, kupitia lebo yake mwenyewe, Haekalu. Inamkumbuka Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau, ambaye ni wa ukoo wake.

Njia yake ni kinyume cha ile ya Gagneux, na ndiyo sababu inafaa kusikilizwa. Midundo imetoka kwa watayarishaji wengi tofauti, wa kielektroniki na wa metali, na kinachofunga kazi yote ni koo moja. Kama wewe ni mwimbaji usiyejua gitaa, hii ndiyo njia yako. Ila ikubali gharama yake: midundo ya watu saba huja na sauti saba za chini zisizofanana. Omba kila mtayarishaji akupe vipande vilivyotenganishwa, yaani dramu peke yake, besi peke yake, sinthi peke yake. Akikupa faili moja iliyokwisha kuunganishwa huna la kufanya nayo zaidi ya kupandisha na kushusha.

Gitaa langu ni la kawaida la nyuzi 6. Nikilishusha hadi noti ya C nyuzi zinalegea, na kila nikipiga kwa nguvu noti inapanda halafu inashuka. Nimebadilisha tyuna (kipima noti) mbili. (Msomaji, Dodoma)

Tyuna haina kosa. Uzi mnene wa seti ya kawaida, wa inchi 0.046, kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa inchi 25.5, huvutwa kwa takriban kilo 8 ukiwa E. Ukishusha nusu-toni 4 hadi C, mvuto unabaki takriban kilo 5. Uzi uliolegea hivyo ukipigwa kwa nguvu hunyooka zaidi kwa kitambo kidogo, na noti hupanda. Ili urudishe mvuto wa mwanzo unahitaji uzi mnene zaidi kwa kama robo: 0.046 inakuwa takriban 0.058. Seti za 0.012 hadi 0.056 au hadi 0.060 zinauzwa kwa kazi hiyo hiyo.

Ukishafunga nyuzi mpya, mambo matatu yatakusumbua. La kwanza ni mfereji wa nati, kile kipande mwishoni mwa shingo. Umechongwa kwa uzi mwembamba, kwa hiyo uzi mpya utakwama humo na kuruka kwa mlio mdogo kila unapotyuni. Mpe fundi aupanue kidogo, kwa upana tu. Akiuzidisha kina, uzi ulio wazi utagonga freti ya kwanza, kile chuma cha kwanza kilichovuka shingo. La pili ni shingo: kama gitaa limekaa muda mrefu na nyuzi zilizolegea, shingo imerudi nyuma na itazizima. Ipe siku nzima na nyuzi mpya kabla ya kugusa ile fimbo ya chuma iliyo ndani. La tatu, na hili ndilo hufanya kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zisikike chafu hata tyuna ikisema sawa: linganisha hamoniki ya freti ya 12 (mlio wa kuugusa uzi tu bila kuubonyeza) na noti ya kubonyeza hapo hapo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha nyuma kile kipande kinachobeba uzi kwenye daraja. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo na nyuzi mpya, maana uzi mzee hudanganya.

Dramu zangu za kompyuta zinasikika kama cherehani. Natumia programu ya bure. (Msomaji, Temeke)

Programu ya bure inatosha. MT Power Drum Kit ni ya bure na imewahi kubeba kazi nyingi nzuri. Kinachotoa mlio wa cherehani ni nguvu ya kila pigo kuwa sawa. Umeandika sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali) zote 127, yaani nguvu ya juu kabisa, sivyo?

Tuchukue blasti, ule mdundo wa kasi wa blak metali, ya BPM 200 (mapigo kwa dakika). Kiki (dramu ya mguu) na sneya zinapokezana, na kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 75. Mpiga dramu wa kweli katika kasi hiyo hana nafasi ya kunyanyua mkono, kwa hiyo sneya yake ya blasti ni laini kuliko ile ya mdundo wa kawaida. Iweke kati ya 85 na 105, na 127 uiache kwa pigo la kufungulia na kufungia kifungu. Mkono mmoja siku zote ni dhaifu: katika mapigo ya mfululizo, punguza pigo moja baada ya jingine kwa 8 au 10. Mguu wa kushoto vilevile kwenye kiki mbili. Sogeza mapigo mbele au nyuma kwa milisekunde 3 hadi 6 tu, na yale ya mwanzo wa kila mzunguko uyaache palepale kwenye mstari. Ukiyasogeza na hayo, gitaa litaonekana ndilo lililokosea.

Halafu hesabu viungo. Mtu ana mikono miwili. Tukiona kwenye skrini toazi kubwa, haihati (jozi ya matoazi madogo) na sneya vimepigwa pamoja, tunajua sikio litakataa hata kama msikilizaji hatajua sababu. Ukitaka toazi kubwa ligongwe, ondoa haihati kwenye pigo hilo na lile linalofuata, ili mkono upate muda wa kurudi.

Nataka kuingiza taarabu na chakacha kwenye metali. Nimejaribu kuweka sampuli ya kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, juu ya gitaa la distosheni (sauti ya kukwaruza), ikawa fujo. Nianzie wapi? (Msomaji, Kisauni, Mombasa)

Barua hii imetufurahisha kuliko zote, kwa sababu mahali hapo metali ina mlango ulio wazi na wachache wameuingia.

Anza na skeli. Hijazi, mojawapo ya makamu (skeli za muziki wa Kiarabu), inakaa vizuri kwenye gitaa la metali kwa kuwa ina nusu-toni pale mwanzoni, mahali ambapo blak metali hupenda kukaa. Ukiwa umeshusha uzi mnene hadi C, Hijazi ni freti 0, 1, 4, 5, 7, 8 na 10 za uzi huo. Ipige polepole kwanza, bila distosheni, mpaka masikio yaizoee.

Fujo yako inatokana na kodi za nguvu, zile za mzizi (noti ya msingi) na tano yake (noti ya tano juu yake). Mpiga gitaa wa metali huzitelezesha popote bila kufikiri, lakini ndani ya Hijazi hazikubali kila mahali. Kwenye freti 0, 1, 5 na 10, tano ya kila mzizi imo ndani ya skeli. Kwenye freti 4, 7 na 8 haimo. Ukipiga kodi hapo unaleta noti ngeni inayogombana na kanuni kwa nusu-toni, na distosheni inaukuza ugomvi huo. Kwa hiyo mizizi minne ipige kama kodi, na tatu zilizobaki zipige kama noti moja au oktavu. Noti ya freti ya 4, ambayo ndiyo tamu ya Hijazi, mwachie mwimbaji, fidla au kanuni. Gitaa likae C na G chini yake.

Kama kanuni yako inacheza Rasti, makamu nyingine, hadithi ni nyingine. Hatua ya tatu ya Rasti iko katikati ya tatu ndogo na tatu kubwa, na gitaa lenye freti haliwezi kuipiga. Usilazimishe. Gitaa lishike mzizi na tano pekee, liwe sauti ya chini isiyohama, na makamu iishi juu yake. Taarabu ya Unguja iliyojengwa kwa mfano wa Misri ina mambo mengi ya aina hiyo, na ukiyapindisha yafuate gitaa unapoteza kile ulichokifuata.

Mdundo sasa. Chakacha inatembea kwa sita-nane. Ukiwa na mapigo makubwa 120 kwa dakika, mawili kwa kila baa, nane moja (theluthi ya pigo kubwa) ina milisekunde 167, na nusu yake ni 83. Hiyo 83 ni sawasawa na blasti ya BPM 180 katika nne-nne, kwa hiyo blasti inaingia ndani ya chakacha bila kubadilisha kasi hata kidogo: kiki 6 na sneya 6 zikipokezana katika kila baa. Tatizo ni kwamba sneya ya blasti inapiga katika kila nane, na ule mvutano wa tatu dhidi ya mbili unaoifanya chakacha ichezeke unafunikwa. Tunapendekeza hivi: kwa baa 8 za kwanza acha kiki na toazi zifanye blasti, sneya ipige nane ya nne tu. Ngoma za mkono zisikike waziwazi, mwili wao uko kwenye Hz 200 hadi 400, na kofi lake kwenye kilohezi 2 hadi 4. Hapo kwenye 200 hadi 400 punguza gitaa kwa desibeli 3. Sneya kamili ilete baadaye, msikilizaji akishaushika mzunguko kiunoni.

Na sampuli? Rekodi mpiga kanuni au fidla halisi ukimpata, hata kwa saa moja. Kama utatumia rekodi ya zamani, kumbuka kwamba wimbo wa mapokeo unaweza kuwa hauna mwenyewe, lakini rekodi yake ina mwenyewe.

Sina kwaya. Nikijirekodi mara nane nasikika kama roboti. (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu umeimba mara nane ukiwa mtu yule yule, umesimama mahali pale pale. Sauti zinazofanana mno hufutana zenyewe kwa zenyewe na kutoa mlio wa bomba.

Rekodi 2 ukiwa sentimita 20 kutoka kwenye maikrofoni, 2 ukiwa mita 1, 2 ukiwa mita 2 umeugeukia ukuta. Kila mara badilisha koo: moja ya mzee, moja ya puani, moja ya chini kwa oktava, moja karibu na kupaza. Wacha makosa madogo ya kuingia. Lakini konsonanti, hasa s, t na k, zitamke kikamilifu kwenye rekodi moja tu, ile ya karibu. Kwenye nyingine zimeze. S nyingi zikigongana utasikia mvua ya mate. Kiongozi awe katikati, waitikiaji wagawanywe kushoto na kulia.

Gagneux amezitaja rekodi za Alan Lomax, Mmarekani aliyekusanya nyimbo za mapokeo, kuwa moja ya visima vyake. Lomax alirekodi nyimbo za wafungwa wa gereza la Parchman, Mississippi, mwaka 1947 na 1948, wakiimba wakikata kuni kwa shoka. Ukitaka rangi ile ya kale, kata kila kitu chini ya Hz 300 na juu ya kilohezi 4, ongeza distosheni kidogo sana, na uiweke sauti katikati bila upana. Fanya hivyo kwa kiongozi pekee, na kwa kifungu cha kwanza pekee. Ukiikaushia kwaya nzima hivyo, gitaa likiingia vyote vitabanana kwenye ukanda mmoja na hutasikia maneno.

Mayowe yananikausha koo kwa siku tatu. Ni kawaida? (Msomaji, Bujumbura)

Si kawaida, na usiendelee hivyo. Yowe la metali linalofanywa vizuri halipigwi kwa nguvu kubwa. Mkwaruzo hutoka kwenye mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, na pumzi inayotumika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Maikrofoni ndiyo inayolikuza. Anza kwa mguno wa chini kama wa mtu anayenyanyua mzigo, uongeze pumzi taratibu, na acha pale pale ukihisi mchomo. Dakika 20 za kurekodi kwa siku zinatosha kwa anayeanza, baada ya dakika 10 za kupasha sauti. Maji kidogo kidogo, na baada ya hapo usinong'one, maana kunong'ona hakuipumzishi koo. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Gitaa langu likirekodiwa linakuwa jembamba, na kuna mlio wa mmm nyuma. (Msomaji, Kampala)

Mlio huo ni wa umeme. Chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri. Ukiisha, umepata mkosaji. Usipoisha, geuka na gitaa polepole mpaka upate pembe ambayo pikapu (sumaku inayonasa sauti ya nyuzi) haishiki kelele.

Wembamba unatokana na kunakili. Ukinakili rekodi moja na kuiweka kushoto na kulia, unachosikia ni ile ile katikati, imeongezeka sauti tu. Ipige upya, mara mbili, kila moja upande wake, na distosheni ipunguzwe hadi nusu ya ile unayoipenda ukiwa unafanya mazoezi peke yako. Distosheni mbili zikijumlishwa zinakuwa nene, ila kila moja ikiwa imejaa sana mapigo yanapotea. Ishara mbichi kutoka kwenye gitaa isivuke desibeli -6. Ukishaweka spika ya kuiga (ya programu), kata chini ya Hz 90 na juu ya kilohezi 9. Sehemu ya chini mwachie besi. Ukilisikiliza gitaa hilo peke yake halitakupendeza, na hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Nikifanya metali lazima niimbe habari za shetani? Nyumbani wananiuliza. (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Gagneux alimtumia kama swali la kihistoria, na The Adept imewageukia wahenga. Chagua giza unalolijua kwa hakika: msiba, njaa, vita, deni. Uliloazima kwa mtu litasikika.

Nimemaliza nyimbo 8. Niipandishe sauti kiasi gani, na faili niziandaeje? (Msomaji, Muscat)

Spotify husawazisha nyimbo kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Metali iliyobanwa hadi -7 itashushwa desibeli 7, na kilichobaki ni sneya iliyokufa. Lenga kati ya -11 na -9, na kwa kuwa umevuka -14, kilele kisizidi desibeli -2, maana kubadilisha faili kuwa za kubanwa huongeza vilele vidogo vinavyokwaruza. Wimbo wa polepole usiulazimishe ulingane na ule wa blasti kwa namba. Linganisha sauti ya mwimbaji kati ya nyimbo hizo, mengine yatajipanga.

Toa faili za WAV za biti 24, jalada la pikseli 3000 kwa 3000. Bandcamp huchukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na hulipa kupitia PayPal, kwa hiyo hakikisha kwanza akaunti yako inaruhusiwa kupokea fedha katika nchi unayoishi, maana si zote zinazoruhusu. Hifadhi pia nakala ya kila kipande kilichotenganishwa, kikianzia sekunde 0. Gagneux alipoanza kutumbuiza ilibidi aunde kundi kamili, lenye waimbaji wawili wa kuitikia. Ukiitwa jukwaani, wapiga ala wako watajifunza kutoka kwenye vipande hivyo.